Naivasha ina saa zake

Kwa miaka minne nilikuwa nikimwahidi binti yangu kwamba nitampeleka Naivasha. Kila likizo inakuja na lake: mara karo, mara kodi ya nyumba hapa Umoja, Nairobi, mara mgonjwa nyumbani, na safari inasogezwa mbele. Aprili iliyopita, akiwa ametimiza miaka 11, nilichukua ruhusa ya siku tatu kazini, nikamwomba mdogo wangu wa kiume atusindikize, nikatoa shilingi 25,000 nilizokuwa nimeweka kidogo kidogo kwenye chama chetu cha akiba. Namwandikia mtu aliye Nairobi sasa hivi, ana watoto, hana gari, na pesa zake ni za kuhesabu. Makosa yangu karibu yote yalitoka mahali pamoja: nilipanga safari kwa kuangalia umbali, saa sikuziuliza.

Umbali wenyewe ni mdogo. Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Nilichukua karatasi nikaandika: Jumatano mlima Longonot, Alhamisi mbuga ya Hell's Gate asubuhi na boti mchana, Ijumaa kisiwa cha Crescent kisha nyumbani. Binti yangu akaibandika karatasi ile kwenye friji, akawa anaisoma kila akienda kunywa maji.

Magari tulipandia Nyamakima. Kabla hujakaa, muulize makanga anapita wapi, kwa maana kuna njia mbili: ya juu inayopita Kimende, Soko Mjinga na Kinungi, na ya chini inayoteremka Mai Mahiu. Anayekwenda Longonot anataka ya chini. Na ikiwa mtu amekushauri upande treni ya SGR kwa sababu inaitwa ya Naivasha, jua kwamba reli ile iliyofunguliwa mwaka 2019 inaishia Suswa. Kutoka hapo bado una safari ya gari.

Tulitoka nyumbani saa mbili asubuhi, na hapo tayari tumeshachelewa. Gari likangoja kujaa, Mai Mahiu tukaiona saa nne na nusu, tukashuka kwenye senta ya Longonot na kupanda bodaboda hadi langoni. Langoni ndipo nilipogundua kwamba pesa taslimu hazipokelewi. Mbuga za KWS, yaani shirika la wanyamapori la Kenya, zinalipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mimi nenosiri la akaunti yangu nilikuwa nimelisahau tangu nilipotengeneza cheti cha maadili mema. Nilisimama pale juani nikitafuta mtandao, binti yangu ananivuta mkono, askari ananisubiri kwa subira. Dakika arobaini zilienda. Fungua akaunti yako ukiwa nyumbani, lipia jioni ya kuamkia safari, na upige picha ya risiti ikae kwenye simu hata kama hakuna mtandao.

Tukaanza kupanda ikikaribia saa sita, jua limesimama utosini, tuna chupa tatu za maji za nusu lita. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Njia ya Longonot ni majivu ya volkeno ambayo mvua na viatu vya watu vimeyachimba mpaka yakawa mifereji. Vumbi lake ni laini kama unga wa ugali. Linaingia kwenye soksi, puani, kwenye meno. Unapanda hatua mbili, moja inarudi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1, na tulipofika pale juu tuliona kitu ambacho sijawahi kukiona: shimo kubwa ajabu lenye msitu mzima chini yake, kijani kibichi, na upande wa pili ziwa Naivasha liking'aa kama bati jipya. Binti yangu alinikumbatia. Tungegeuka pale, ingekuwa siku nzuri kuliko zote.

Lakini kuzunguka ukingo ni kilomita 7.2, na mimi nikasema kilomita saba ni nini, si huwa natembea hata zaidi matatu zikigoma? Sikujua kwamba ukingo ule si tambarare. Unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, hadi kwenye kilele chenye mita 2,776, na kivuli hakuna. Maji yaliisha kabla ya saa kupita. Mdogo wangu akabanwa na misuli ya paja, akakaa chini akiushika mguu kwa mikono miwili. Kilichonitisha zaidi ni binti yangu. Huyu mtoto huongea hata akiwa usingizini. Nilipong'amua kwamba amenyamaza kwa dakika kumi, nikamgusa paji la uso, nikakuta ni kavu na lina moto.

Wanafunzi fulani wa chuo walikuwa wanarudi upande wetu. Mmoja alimwangalia mtoto, akatoa chupa ya lita moja na ndizi tatu bila kuulizwa. Akaniambia, "Dada, rudini mlikotoka. Huko mbele hakuna njia ya mkato." Tulirudi pole pole, mtoto akinywa funda moja moja, nimemfunika kichwa kwa leso yangu iliyoloweshwa. Tulifika langoni ikikaribia saa kumi na moja. Kucha mbili za mdogo wangu ziligeuka nyeusi kwa sababu viatu vilikuwa vinambana vidole wakati wa kuteremka.

Kwa hiyo ukienda Longonot, uwe langoni asubuhi lango likifunguliwa. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, hata mtoto, na chumvi kidogo au njugu. Kofia. Kata kucha za miguu siku moja kabla, na viatu viwe na soli yenye meno. Na mtoto wa umri huo, ukingo unamtosha. Muoneshe kreta, mle mlichobeba, mteremke. Hiyo ni safari kamili, msiibeze.

Kuhusu malazi nitasema kwa ufupi. Chumba nilikuwa nimekilipia chote mapema kwa M-Pesa, shilingi 3,500 kwa usiku, upande wa Karagita kwenye barabara ya Moi South Lake. Tulipofika usiku, tumechakaa, nikaambiwa mtoto analipiwa zaidi, na ikawa 4,500. Saa mbili usiku una mtoto mgonjwa utagombana na nani? Nililipa. Siku hizi natuma ujumbe kwanza: watu wangapi, umri gani, jumla ni ngapi, na chai ya asubuhi imo? Jibu likishaandikwa ndipo natuma nusu. Pia angalia tarehe. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka makao Naivasha, wikendi yake mji hujaa na bei za vyumba hupaa. Kama hukufuata magari, chagua wiki nyingine. Katikati ya wiki ni nafuu.

Usiku ule tulisikia viboko. Hutoka majini giza likiingia kuja kula majani nchi kavu, na sauti yao ni kama mtu mzee anayecheka akiwa ndani ya pipa. Mlinzi alikuwa ametuambia tusisogee upande wa ziwa baada ya saa kumi na mbili na nusu, hata kupiga picha. Binti yangu, ambaye kwa wakati huo alikuwa amekunywa maji na uji na kuanza tena kuongea, aliuliza kama viboko wanajua kuna ukuta. Alilala kwenye mkono wangu mpaka asubuhi. Beba sweta, uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari na usiku kunakuwa na baridi kweli.

Alhamisi tukaenda Hell's Gate. Hii ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 68 tu, iliyofunguliwa mwaka 1984, na uzuri wake kwa mtu asiye na gari ni kwamba unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli na kupita katikati ya pundamilia. Baiskeli tulizikodi kwenye njia panda, shilingi 500 kila moja kwa siku. Binti yangu alichagua ya zambarau. Nami nikakubali kwa sababu ni ya zambarau.

Ndani ya lango la Elsa tulipita Fischer's Tower, jiwe lililosimama peke yake kama mita 25 hivi, lenye jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huku mwaka 1883. Kuna vijana walikuwa wanalipanda kwa kamba, na pimbi wamekaa kwenye nyufa wakiwatazama. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyekuwa anapelekwa kuolewa akageuka nyuma kutazama kwao, akawa jiwe. Mbele yake barabara inateremka kidogo. Binti yangu alipita kwa kasi akipiga kelele za furaha, kisha kelele zikabadilika. Breki hazikushika. Alijielekeza mwenyewe kwenye majani, akaanguka, akachunika kiwiko.

Nilipopiga magoti kuiangalia baiskeli, raba ya breki ya mbele ilikuwa imeliwa ikaisha, kimebaki chuma kinachokwaruza rimu. Kimechora mstari mweupe kuzunguka gurudumu zima. Ya nyuma, waya ulikuwa umelegea hadi ukibana mkono unagusa usukani. Kitu cha dakika moja kukiona, na sikukiona. Sasa najua: inua gurudumu la mbele, lizungushe, ubane breki, lisimame hapo hapo. Fanya hivyo na la nyuma. Bonyeza matairi kwa kidole gumba. Shusha kiti mpaka mtoto aweze kugusa chini kwa vidole vya miguu. Jaribu gia ukiendesha mita hamsini, na mwenye baiskeli akiona haraka yako ni kubwa kuliko swali lako, nenda kwa jirani yake. Omba namba yake ya simu pia, na uulize kama anaazima pampu. Mdogo wangu alibadilishana baiskeli na mtoto, akaendesha ile mbovu siku nzima akiburuza kiatu kimoja chini kila mteremko.

Baada ya hapo mambo yalikuwa matamu. Twiga watatu walivuka barabara mbele yetu bila haraka. Ngiri walikuwa wanakula kwa kupiga magoti. Nyati tuliwaona mbali tukasimama, tukangoja kundi la watalii wengine, tukapita pamoja. Nyati usimpite ukiwa peke yako. Mvuke wa Olkaria ulikuwa unapanda nyuma ya vilima, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu mwaka 1981, na harufu yake ni ya kiberiti. Kilomita nane hivi kutoka langoni tukafika kituo cha korongo la Ol Njorowa. Korongo hili ndilo binti yangu alikuwa amelichorea mduara kwenye ile karatasi ya friji.

Askari alitukatalia.

Jua lilikuwa linawaka. Ardhi ilikuwa kavu. Nilimwambia tumetoka Nairobi, tumelipa, mtoto amengoja miaka minne. Mdogo wangu naye akadakia kwamba tutaingia dakika ishirini tu. Nilipandisha sauti, nakiri. Askari yule, kijana tu, hakupandisha ya kwake. Alinielekeza vilima vya juu, ambako wingu jeusi lilikuwa limelala kama blanketi, akasema, "Maji ya humu hunyeshea kule, dada." Akarudia kwa binti yangu, polepole, akiinama: mvua inanyesha mbali, maji yanakusanyika, yanaingia kwenye korongo lenye kuta ndefu, na aliye ndani hana pa kukimbilia. Binti yangu akaelewa kabla yangu. Mimi nilirudi kwenye baiskeli nimekasirika, na kilomita nane za kurudi, upepo usoni, nilizitumia kulalamika.

Sijui kama maji yalikuja siku ile. Pale tulipokuwa halikudondoka hata tone. Lakini jioni nilimsimulia mlinzi wa pale tulipolala, nikitaka anionee huruma, naye akanyamaza kidogo kisha akaniambia kuhusu mwaka 2012, kikundi cha vijana wa kanisa, na kuhusu Septemba 2019. Mara zote mbili ni mafuriko ya ghafla ndani ya korongo lile, na mara zote mbili walikufa watu 7. Habari za 2019 nilikuwa nazikumbuka, nilizisikia redioni nikiwa jikoni. Sikuwa nimeziunganisha na mahali nilipokuwa nimesimama mchana ule nikimpigia kelele mtu aliyekuwa ananizuia kumwingiza mwanangu humo. Usingizi ulinikataa usiku huo. Kabla ya kwenda, na hasa wakati wa masika au wa vuli, uliza langoni kama korongo limefunguliwa, ingia na mwelekezi wa pale tu, na muulize njia za kutokea ziko wapi kabla hujashuka. Akisema hapana, jibu liwe asante.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimekatazwa mara ya pili. Saa tisa tulifika ziwani tukitaka boti. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alikuwa anafunga injini yake kwa turubai. Nikamsalimu, nikamuuliza bei. "Elfu tatu kwa saa, boti nzima," akasema, "lakini si sasa, mama. Njoo kesho saa kumi na mbili na nusu." Nikamuuliza kwani kuna nini. Akanionesha ziwa kwa kidevu. Asubuhi nililiona limetulia; sasa lilikuwa limejaa mawimbi mafupi yenye povu, na boti zilizofungwa zilikuwa zinagongana. Jina lenyewe la Naivasha limetoka kwenye neno la Kimaasai la maji yanayochafuka. Na tangu ziwa lifurike miaka hii ya karibuni, migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama majini imekufa, na mingine imekatika, visiki viko chini ya maji. Kwenye maji matulivu nahodha anaviona. Kwenye mawimbi haoni kisiki wala kiboko.

Hatua hamsini mbele kijana mwingine alituita. "Twende mama, nitawapunguzia, elfu mbili." Nilisimama. Elfu moja kwangu ni pesa. Mdogo wangu akanyanyua jaketi moja la kuokolea kutoka kwenye boti yake: kifungo cha plastiki kilikuwa kimevunjika, na mahali pake pamefungwa kamba ya katani. La mtoto halikuwepo kabisa. Tulimshukuru tukaondoka. Ukifika ziwani, vaa jaketi ungali nchi kavu, lifunge, mtu alivute kutoka mabegani kwenda juu. Likikutoka, si lako. Bei ni ya boti, si ya kichwa, kwa hiyo ukikutana na wengine gawaneni.

Ijumaa tulikuwa kwa yule mzee kukiwa na ukungu. Alimvalisha binti yangu jaketi dogo yeye mwenyewe, akakaza kamba tatu, akamgonga begani mara mbili kama mtu anayefunga mlango. Maji yalikuwa hayajakunjwa. Aliipunguza injini tulipokaribia viboko, akakaa mbali nao, akatuhesabia: kumi na mmoja, na mmoja mdogo juu ya mgongo wa mama yake. Furukombe, tai mweupe kichwani anayelia kama anacheka, alishuka kutoka kwenye mgunga mkavu akaokota samaki mita chache kutoka tulipokuwa. Binti yangu alikuwa kimya tena, na safari hii sikushtuka. Kisiwa cha Crescent tulikipita tukitazama pofu na pundamilia kutoka majini. Kushuka kunalipiwa kivyake na mfuko wangu ulikuwa umefika mwisho. Nilikuwa nimepanga vitu vinne, nikafanya viwili na nusu.

Tulirudi nchi kavu saa mbili kasoro, na majani ya mafunjo yalikuwa yameanza kutikisika. Mchana, kabla ya kupanda gari la Nairobi, tulienda ufukwe wa Kamere kula samaki. Unamchagua mwenyewe, tilapia, anakaangwa mbele yako, unapewa na ugali na kachumbari. Tulikula watatu kwa shilingi 900. Nilikuwa nimebaki na 2,050 mkononi pamoja na nauli.

Tukiwa tunanawa mikono, gari dogo likasimama. Akashuka mama mmoja na watoto watatu, amebeba karatasi iliyokunjwa, akamuuliza wa kwanza aliyemwona boti za kwenda Crescent ziko wapi. Ilikuwa saa saba na nusu na mawimbi yameshaanza kuwa meupe. Nilimwachia binti yangu sahani, nikafuta mikono kwenye leso, nikaenda kumsalimu.